Hakuna Habari ila Kheri, na Lori Limezama

Kwa Mheshimiwa Liwali wa Wilaya,

Baada ya salamu, ambazo nimezikata fupi kwa makusudi na sababu utaiona hapa chini, naomba masikio yako kwa muda wa finjani mbili tatu za kahawa.

Mimi ni Harib bin Mubarak, mwalimu mstaafu wa jiografia. Ndimi kiongozi wa msafara wa marafiki wanne ambao kila majira ya baridi huingia mchangani na lori letu kuukuu la kijani, lile linalovuta kwa magurudumu yote. Wenzangu ni Zahrani, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita. Yakdhani, mpima macho. Na Badri, ambaye kazi yake katika msafara ni kula. Uongozi nimeushika miaka kumi na tisa. Sikuchaguliwa na mtu. Siku ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa na ramani, na tangu hapo hakuna aliyepata ujasiri wa kuniuliza kama najua kuisoma.

Malalamiko yangu si juu ya mtu. Ni juu ya desturi yetu ya kuulizana habari. Wewe ni mtu wa huku na huna haja ya somo, lakini barua ya malalamiko lazima imtaje mshitakiwa. Watu wawili wakikutana mchangani, mmoja huuliza habari, na mwingine hujibu kwamba hakuna habari ila kheri. Hata kama nyumba yake inaungua wakati huo huo, jibu ni hilo. Habari yenyewe husubiri mpaka watu wakae, wale tende, wanywe kahawa. Na katika kundi, anayejibu ni mkubwa wao peke yake. Wengine hufunga midomo.

Desturi hii, Mheshimiwa, imenitenga na Zahrani. Nimeipanga hoja yangu kwa namba, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi.

1. Alhamisi alasiri tuliingia mchangani. Zahrani hakutaka kuja. Jumamosi baada ya sala ya Alasiri bintiye alikuwa anaolewa, na ndoa, kama ujuavyo, haifungwi bila walii, na walii ni baba. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia nyumba imejaa shangazi, hapati hata pa kuweka kilemba chake, aje apumue. Nilimwahidi kwa ulimi wangu huu kwamba Jumamosi adhuhuri atakuwa nyumbani, ameoga, anafukiza udi. Akapanda lori. Jambo hili naliweka la kwanza kwa sababu ndilo zito, ingawa halinisaidii.

2. Ijumaa asubuhi lori lilizama chini ya kilima chekundu, mpaka ekseli. Kuzama si aibu, kila mwenye lori huzama. Tulichimba, tukachoka, tukachimba tena. Baada ya adhuhuri akatokea mzee mmoja na pikapu, ngamia ameketi nyuma. Jina lake nililijua baadaye, Mzee Sulayim. Akasimama, akasalimu, akauliza habari.

Naomba uitazame hali ilivyokuwa. Lori limelala upande. Badri yuko chini yake na beleshi, zinaonekana nyayo tu. Yakdhani anapepea injini kwa kofia. Nami nikasimama wima, nikanyoosha kanzu, nikasema, "Hakuna habari ila kheri."

Akauliza na huko tutokako. Nikasema kheri. Akauliza kama tuna haja yoyote. Nikasema haja yetu ni uzima wake. Mzee akamshukuru Mungu, akatia gia, akaenda zake. Ngamia peke yake ndiye aliyegeuza shingo kulitazama lori.

Zahrani akanisogelea taratibu. "Mwalimu, umemwambia nini yule mtu?"

Nikamwambia nimemjibu kama watu wanavyojibiwa.

"Yakhe, mimi nina ndoa kesho."

3. Utauliza, na ni haki yako, kwa nini sikumkaribisha mzee kahawa, ili baada ya kahawa habari itoke kwa njia yake ya kawaida. Hapa ndipo desturi ilipotushika pande zote mbili. Tende zilikuwa zimekwisha. Badri alizimaliza baada ya sala ya Alfajiri, akisema anapunguza mzigo wa lori. Kwenye dele la kahawa imebaki iliki ya chini tu. Nitamwitaje mtu wa mchangani ashuke garini aje anywe iliki? Nilipima mambo mawili, kufa na kuaibika, nikaona kufa kunavumilika zaidi.

4. Alasiri akapita mwanamke, anaendesha pikapu iliyojaa majani ya mbuzi. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kwa saa nzima nilizunguka lori nikijifundisha kwa sauti: tumezama, tumezama, tumezama. Wenzangu wanisikie, wafurahi. Yule mama akapunguza mwendo, akateremsha kioo, akauliza habari, na kinywa changu kikafunguka chenyewe kama mlango mbovu. Kheri. Yakdhani alitaka kusema neno, nami nikamkata jicho, kwa sababu mkubwa ni mimi. Naungama hili, Mheshimiwa. Nilimkata jicho mtu aliyetaka kutuokoa.

5. Badri akapanda kilele cha kilima na simu yake, ya mwisho iliyobaki na chaji, akapata mtandao, akampigia mama yake. Tukiwa chini tulimsikia akijibu: hajambo, wote hawajambo, na lori halijambo, alhamdulillahi. Mama akauliza habari za Yakdhani, za mama yake Yakdhani, za jino la mama yake Yakdhani. Badri alipofika kwenye neno "ila", betri ikazima.

6. Jumamosi asubuhi watoto wa Zahrani walianza kututafuta. Na hapa ndipo naomba uniazime hasira yako, maana yangu haitoshi. Kila waliyemuuliza alikuwa na jibu. Mzee Sulayim alikwisha waambia watu kisimani, yule mama akawaambia wa kambini, na wa kambini wakamwambia kila mwenye gari. Mchanga wote ulijua kwamba chini ya kilima chekundu kuna waungwana wanne kutoka mjini, wanapumzika, hawana habari ila kheri, msiwasumbue. Vijana wakarudi nyumbani wakamwambia mama yao kwamba baba yupo, ameonekana, anastarehe. Mke wa Zahrani akawatazama wageni wake na kuwaambia kuwa mumewe anastarehe. Tangu siku hiyo mama huyo hajaniuliza habari, na kwa kweli amefanya busara.

7. Karibu na adhuhuri Mzee Sulayim akarudi, amenuna. Hakuja kutuokoa. Alikuja kutulalamikia: tumekaa siku mbili kwenye eneo lake bila kufika kwake kula, je, ametukosea nini? Ndipo alipoona lori liko pale pale. Akashuka, akalizunguka mara moja, akalipiga tairi teke.

"Mbona upepo umejaa?"

Hapa sina budi kueleza jambo, na ningeomba karani wako asiliandike kwenye daftari. Kabla ya kuingia mchangani matairi hupunguzwa upepo, yalale, yapate kukanyaga mapana. Kila mtoto wa huku anajua. Mimi hugawa kazi kwa maandishi. Kwenye karatasi niliandika: Maji, Yakdhani. Kuni, Zahrani. Chakula, Badri, ambalo lilikuwa kosa la kwanza. Upepo, Kiongozi. Na mbele ya "Upepo" niliweka alama ya vyema nikiwa bado nyumbani, ili kuokoa muda. Siku nzima tulipokuwa tunachimba, karatasi ile ilikuwa mfukoni mwangu, na mara mbili niliitoa kuwathibitishia wenzangu kwamba kila kitu kimefanyika.

Mzee akafungua vifuniko, akachukua kijiti, akatoa upepo tairi moja baada ya jingine. Akaniambia niwashe. Lori likatoka kama linaondoka nyumbani kwake. Hakuna aliyenisema. Badri peke yake alicheka, akakaa chini mchangani akacheka mpaka akashika mbavu.

8. Lakini mbuzi alikwisha chinjwa. Mzee alisema hivyo, na sisi sote tulijua maana yake. Mbuzi akishachinjwa kwa ajili yako, huondoki. Hata hivyo mzee si mjinga. Mimi alikwisha nipima. Akaniacha, akamgeukia Zahrani, akamtazama usoni, akamuuliza yeye binafsi habari zake.

Zahrani alikuwa na macho mekundu. Saa ilikuwa sita na nusu. Neno moja tu lilihitajika.

"Hakuna habari ila kheri," Zahrani akasema.

Tukaenda kwake, tukala. Nyama ilikuwa nzuri sana, na hilo pia lilituudhi. Kwenye finjani ya tatu ndipo Zahrani alipoweza kusema kwamba leo anamwoza bintiye. Mzee alishtuka, akatufukuza kwa baraka zote, akatupa na paja la mbuzi kwa bibi harusi.

9. Tulifika baada ya sala ya Magharibi. Wazee wa bwana harusi walikuwa wamekaa tangu Alasiri, wamekunywa kahawa mpaka mikono inatetemeka. Zahrani akaingia na mchanga kwenye ndevu, mkononi paja la mbuzi. Mkubwa wao akainuka, akamuuliza habari. Unajua alivyojibu. Ndoa ikafungwa, bibi harusi akalia, watu wakasema ni kawaida ya mabibi harusi. Nilikuwa nimesimama karibu na viatu. Ninajua si hivyo.

Njiani kurudi mjini, katika lori, Zahrani alikuwa ameniambia neno moja tu: "Uliniahidi adhuhuri." Leo ni siku ya arobaini na moja tangu harusi. Kwa miaka ishirini na sita amekuja kwangu kila siku baada ya Alasiri kunywa kahawa, akakaa upande wa dirisha na kulalamikia joto. Sasa haji. Finjani yake mke wangu huiosha kila siku pamoja na nyingine, na haijatumika. Namkosa, Mheshimiwa. Sikufikiri ningeliandika jambo hilo kwa serikali.

Kwa hayo yote, naomba uamuru yafuatayo:

Kwanza, kuanzia sasa iruhusiwe kisheria kujibu: "Hakuna habari ila kheri, na lori limezama."

Pili, anayeuliza habari asiruhusiwe kuliamini jibu mpaka ameangalia magurudumu ya anayejibu.

Tatu, mtu asiyeweza kusema shida yake kwa sababu ya malezi mema apewe kadi ya wilaya yenye muhuri, aionyeshe kimya kimya.

Nne, neno "kheri" lisimamishwe katika wilaya nzima kwa miezi sita ya majaribio, kwa wote, pamoja na vizee na wagonjwa. Kuna baba yangu mdogo aliyemjibu daktari wa meno kwa neno hilo mpaka meno yote yakaisha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi hata kilio chetu tunakijibu kheri.

Tano, na hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu, itolewe barua rasmi kwa Zahrani, yenye sahihi yako, ikieleza kwamba kosa ni la desturi na si la Harib bin Mubarak. Suala la upepo si lazima litajwe.

Nifikishie salamu kwa naibu wako, kwa karani wako ambaye nilimfundisha mito na mabonde na akapata alama ndogo, kwa mlinzi wa lango, na kwa wazee wote wa baraza. Sikuuliza habari zao ili nisiwaweke katika mtihani.

Mimi, anayesubiri majibu akiwa mahali pakavu na penye barabara,

Harib bin Mubarak
Mwalimu mstaafu, na hadi sasa Kiongozi

Nyongeza: Mheshimiwa, nilikuwa naikunja barua hii mlango ulipogongwa. Alikuwa Zahrani. Akasimama kizingitini, akatazama viatu vyake, akaniuliza habari.

Nilikuwa na siku arobaini na moja za maneno, na kurasa hizi mkononi. Nikasema hakuna habari ila kheri. Nikamuuliza yeye. Akasema hakuna ila kheri. Na kwa kuwa hapakuwa na habari, alipata sababu ya kuingia na kukaa upande wa dirisha. Lau angenijibu ukweli pale mlangoni, ningelazimika kumjibu wangu, na angerudi kwake.

Tukala tende. Akanywa finjani ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akasema, "Mwanangu alilia kwa ajili yangu, Harib."

Nikasema najua. Nikasema nilikuwa nimesimama karibu na viatu, na kwamba sikupunguza upepo, na kwamba karatasi ilisema uongo. Akaimaliza kahawa yake. Kisha akatikisa finjani kuonyesha ametosheka, akauliza Alhamisi tunaondoka saa ngapi.

"Upepo nitautoa mimi," akasema.

Kwa hiyo naomba maombi yote, la kwanza hadi la tano, yafutwe, na barua ichanwe. Na ikiwa umekwisha isoma, na mtu barazani akakuuliza Harib ameandika habari gani, jibu unalijua.