Hotuba ya Mama Mulei, Siku ya Kufungua Mbuga ya Taifa ya Korongo la Kwa Mbaluka, Nuu

Mheshimiwa Chifu, Mheshimiwa Naibu wa Chifu, Pasta na Mama Pasta, Maalim Abdiladif mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, wazee wa kijiji, wamama wa chama, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki na ninyi mliokataa kuzima, na wewe Mutisya ambaye huna cheo lakini umekalia kiti cha mgeni rasmi, itifaki yote imezingatiwa. Hamjamboni? (Makofi. Mbuzi mmoja anaitikia.)

Mimi kama Mwenyekiti, Patron, Mlezi na Mama Mzazi wa Director wa mbuga hii, nasimama hapa ukingoni mwa korongo na furaha isiyotoshea kwenye debe. Director ni kijana wangu. Simama Mulei. Geuka waone koti kwa nyuma. Huyu amesoma utalii mpaka diploma, karibu yote. (Vigelegele vya shangazi zake.)

Kupitia public participation, ambayo tulifanya sebuleni kwangu mkiwa shambani, na kwa kuzingatia mambo ya eco-tourism, sustainability na mengine ambayo Mulei atawaeleza, tumeweka master plan ya wageni kupiga kambi, kupanda miamba, kuota moto jioni na kuendesha mitumbwi kwenye maji ya kasi. (Kaveke, kutoka nyuma: "Maji gani, Mwaitu, mama yetu? Mto ni mchanga mtupu!")

Asante kwa swali la kitaalamu, Kaveke. Utafiti unaonyesha mto huu una maji asilimia mia moja na nane, ila yako chini ya mchanga. Mtumbwi tayari tunao, ni lile hori la bati la kunyweshea ng'ombe wa Maalim, Mulei amelipaka rangi ya bluu. (Maalim anageuka kuangalia hori lake.) Na ndiyo sababu, tangu kiangazi kianze, tuliwakataza kuchimba visima mchangani humu korongoni, kwa kuwa mtalii hutembea akiangalia ndege juu, hawezi kuangalia shimo chini. Najua mnaenda mbali na punda. Najua punda wamekonda. Hiyo ni sacrifice ya maendeleo.

(Kaveke: "Na mbuzi wangu wanywe nini, eco-tourism?" Kicheko kirefu. Chifu anacheka, halafu anakumbuka yeye ni Chifu.)

Matunda yameonekana! Kwenye ramani ya simu mbuga yetu ina nyota tano, nilizibonyeza mwenyewe. Watalii wa kwanza, bwana na bibi, walifika kutoka Sultan Hamud wakitafuta njia ya Makindu. Walilala kwenye hema, nikawapikia muthokoi wa mahindi na maharagwe, nikawaonyesha picha zote za Mulei kuanzia nasari, na asubuhi wakaondoka mbio, kama watu waliopumzika vizuri.

Sasa tuseme pamoja. Korongo! ("Maji!") Mnajibu "Letu." Korongo! ("Maji!")

Haya, shukrani. Namshukuru Pasta kwa hema, tutalirudisha kabla ya mkutano wa injili. Namshukuru Kavindu kwa kamba ya kuanikia nguo, ambayo ndiyo ua wa mbuga. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule afisa aliyekuja jana kutoka Nairobi, akaitafuta mbuga yetu kwenye orodha ya serikali, akaikosa, akauliza ni nani aliitangaza, na Mulei wangu, kwa ule uaminifu niliomlea nao, akajibu, "Ni mimi. Niliiandika kwenye ramani ya simu nikingoja chai." (Zogo.)

Tulieni! Kijana ametengeneza mbuga ya taifa na kidole kimoja, wa kwenu wametengeneza nini? Kaveke, hiyo sura naijua. Unangoja nini? Mahali hakuna mbuga, sheria ya mbuga pia hakuna. Shuka na koleo, mwanangu. Na uchimbe shimo pana, hata mbuzi wangu wana kiu. Mungu awabariki.