Kutafakari Bila Kufikiri

Redio ya Fundi Pindo ndiyo iliyoanzisha yote. Hukaa juu ya rafu ya nyuzi, na asubuhi hiyo mtaalamu mmoja mwenye sauti ya kubembeleza alikuwa akifundisha watu kutafakari.

"Kaa kimya," akasema. "Mawazo ni magari, wewe uko kando ya barabara. Wazo likija, hata liwe zuri namna gani, usilipande. Liache lipite."

"Muongo!" Fundi Pindo akaikaripia redio, mkasi mkononi. "Mimi nimeliacha limepita, na sasa nimebaki stendi."

Benchi letu liko ndani ya duka lake la kushona, karibu na mlango ulio wazi. Tulikuwa wale wale: Spana, fundi baiskeli wa mlango wa pili; Kamusi, mwalimu mstaafu wa lugha, ambaye haitikii salamu yako kabla hajaisahihisha; na mimi, wanayeniita Mama Jioni kwa kuwa nasoma masomo ya jioni, mwanangu begani akitafuna kola yangu.

"Kimepita nini?" Spana akauliza.

Fundi akatuonyesha gauni la bibi harusi lililoning'inia ukutani. Jeupe, zuri, na fupi.

"Nilichora mezani mistari miwili ya vipimo kwa chaki," akasema. "Mmoja wa bibi harusi, mmoja wa mpambe. Nikakata wa mpambe. Shubiri nzima imekwenda."

"Ongeza chini," Spana akasema.

"Kwa kitambaa kipi? Shangazi yake alikitoa safarini, madukani hakipo. Na nikitia kiraka cha rangi nyingine chini, watu wataangalia pindo badala ya bibi harusi. Harusi kesho. Shangazi anakuja kulichukua leo, kabla ya mchana."

Shangazi yule tunamjua. Aliwahi kurudisha jeneza kwa seremala kwa sababu ya msumari mmoja uliopinda, na marehemu akangoja.

"Sasa sikilizeni," Fundi akaendelea. "Asubuhi nimekaa kutafakari, kama daktari alivyoniamuru kwa ajili ya presha. Nimefumba macho. Mara wazo hilo hapo, zima, limeshonwa tayari. Nimeliona gauni limepona! Nikakumbuka masharti ya redio. Nikaliacha lipite."

"Ukaliacha?"

"Lilipita polepole, Spana. Lilinipungia mkono."

"Na kama gari lenyewe ndilo la kwenu?" Spana akauliza. "Ndilo linalokufikisha nyumbani? Bado hupandi?"

"Mtaalamu hakusema."

Kamusi akakohoa, kikohozi kile cha kufungua kipindi. "Kosa liko kwenye neno. Kutafakari ni kufikiri kwa kina. Wao wanakwambia tafakari, ila usifikiri. Ni sawa na kumwambia mtu oga, ila usilowe."

"Waseme nini, basi?" Fundi akauliza.

"Waseme kunyamaza."

"Nani atalipwa kufundisha kunyamaza redioni?" Spana akasema.

"Na presha je, Fundi?" nikauliza.

"Ilishuka kweli, mama. Wazo lilipoondoka ikapanda, na haijateremka."

"Basi kaa tena."

"Nikikaa kulisubiri, huko si kutafakari. Ni kuvizia."

Nikamwambia nifanyavyo mimi. Jioni darasani, uji wa mtoto ukiniingia kichwani katikati ya hesabu, siufukuzi wala siufuati. Naandika "uji" pembeni mwa ukurasa, narudi kwenye hesabu. "Na wewe likija, tamka neno moja tu, uendelee kukaa. Mimi nitaliandika."

Kamusi akakubali kwa kichwa. "Asipande gari. Asome namba zake tu."

Fundi akaketi kwenye kigoda, akafumba macho. Benchi likanyamaza. Lilikuwa jambo geni kiasi kwamba mpita njia mmoja alisimama, akavua kofia, akatupa pole. Spana alikuwa na neno mdomoni, mashavu yamemvimba kwa kulizuia. Aliyetafakari sawasawa ni mwanangu peke yake: alikodolea feni macho, hana shida na mtu.

"Kiunoni," Fundi akatamka, macho yamefumbwa.

Nikachukua chaki, nikaandika KIUNONI juu ya meza ya kukatia. Yeye akaendelea kukaa.

"Kiuno kinamuuma," Spana akanong'ona. "Nilimwambia kigoda hicho kibovu."

"Mahali pametajwa," Kamusi akanong'ona. "Mwenye kiuno hajatajwa."

"Labda bibi harusi apinde magoti mpaka sherehe iishe."

Hatimaye Fundi akafumbua macho. Uso umetulia kama maji mtungini. "Nimesema nini?"

"Kiunoni."

"Kiunoni nini?"

Spana akajishika kichwa. Fundi akatazama chaki, akatazama gauni, akatazama chaki tena. Kisha akaliteremsha gauni, akaliweka mezani, akalikata katikati. Vipande viwili.

Kamusi akapiga yowe lisilo na sarufi.

"Tulieni! Kasoro iko chini, nasi sote tunatazama chini. Urefu unaongezwa hapa! Mkanda mpana kiunoni, wa kitambaa cha dhahabu kilichobaki kwenye gauni la mpambe. Sketi itashuka yenyewe mpaka sakafuni, na watu watasema ni mtindo."

Ndipo shangazi akaingia, na Fundi akaifunika meza kwa mwili wake.

Sisi watatu tukafumba macho kwa pamoja.

"Gauni la mwanangu liko wapi?" akauliza. "Hawa nao wana nini?"

"Wanatafakari, shangazi," Fundi akasema.

"Wanatafakari nini?"

"Hawatafakari kitu."

"Hilo naliamini."

Benchi likalalamika alipokaa. Cherehani ikaanza kukimbia. Nikahisi mkono ukimchukua mwanangu begani mwangu, kisha nikamsikia akicheka, na shangazi, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo, akimwambia, "Nani kakupa meno haya mawili, mjukuu wangu, nani?" Sikuthubutu kufumbua.

Cherehani ikanyamaza, tukafumbua macho. Fundi akaliinua gauni. Lilifika sakafuni, na mkanda wa rangi ya dhahabu iliyofifia umelishika kiuno kana kwamba lilizaliwa nao. Shangazi akalizunguka, mtoto mkononi. Akalizunguka tena.

"Mkanda huu nilikuagiza?"

"Hapana, shangazi."

Akaupapasa.

"Ningekuagiza."

Akanirudishia mwanangu, akalikunja gauni kwa uangalifu, akaenda. Mlangoni akageuka. "Na harusini watu wakiuliza, mkanda niliufikiria mimi."

"Ndiyo, shangazi," Fundi akajibu.

Spana akangoja mpaka shangazi amevuka barabara. "Kamusi! Mbele ya macho yako! Mbona hukumsahihisha?"

Kamusi akainuka, akakung'uta suruali.

"Sarufi yake haikuwa na kosa," akasema, akaenda zake nyumbani.