Mwaka 1612 Ukutani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya wadhamini wa wakfu unaotupa wazee makazi haya! Nyumba yangu, namba tano, itaunganishwa na namba sita ya Muriel Catchpole. Eti chumba kimoja hakimtoshi mzee wa siku hizi. Mmoja atabaki, mwingine ahamie namba kumi na mbili, ubavuni mwa mapipa ya taka. Miaka tisa naamkia bustani ya waridi. Leo niamkie mapipa? Muriel keshapima madirisha yangu, atundike mapazia yake! Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema, "Horace, hata mapipa yanahitaji jirani mwema."

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Ukuta wa kati ukionekana wa kale, sheria itaulinda, hakuna wa kuugusa. Nimechonga 1612 kwa msumari. Nikaipaka chai nzito. Imezeeka kuliko mimi.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Msanifu majengo wa wakfu, Bi Pargeter, kaja. Kagonga ukuta. Plasta hii ni ya miaka ya sabini, kasema kwa upole. Ya kale ingekuwa chokaa iliyochanganywa na manyoya ya ng'ombe. Kisha akanusa. Akauliza kama mwaka 1612 Waingereza tulishaijua chai. Muriel, mlangoni, alicheka hadi akashikilia kizingiti.

Alhamisi, 6 Machi
Kufuta ushahidi. Nikabandua plasta kwa patasi. Kipande kizima pwaa! Nyuma yake matofali membamba, masizi, na tundu. Nikaingiza mkono. Ukatokea ndani ya kabati la Muriel, kati ya chupa zake za jamu. Akaudaka! Akauliza kama ndiyo hodi ya siku hizi.
Bi Pargeter kaja mbio. Tanuri la mkate, la tangu jengo lijengwe! Machozi yakamlengalenga. Ukuta haubomolewi. Tunabaki sote. Muriel alinikumbatia, kisha akajifuta masizi kwa koti langu.

Jumamosi, 8 Machi
Mdomo wa tanuri uko kwa Muriel! Wageni wote kwake. Picha kwake. Anawakatia keki na kuwasimulia "alivyoligundua". Kwangu? Tundu na turubai.
Bi Pargeter kaniapisha nisiguse tena ukuta wowote. Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi
Ukuta, nilisema. Sakafu sikuitaja.
Nimeng'oa vigae vinne. Kuna bomba la madini ya risasi, nene, la baridi, na linatetemeka kidogo, kama maji yanakimbia ndani. La Warumi, bila shaka! Muriel atakoma.
Naligonga kidogo tu, nisikie umri wake.