Vita vya Chafya Katika Ukimya Mtakatifu

Nyamazeni, enyi mnaotafuna na mnaonong'ona, sogezeni viti vyenu, maana nakuja na habari ya vita visivyomwaga damu ila machozi, vilivyopiganwa ndani ya pua moja mbele ya umati ambao haukuona kitu. Nawe, ewe ulimi wangu, usiniangushe leo mbele za watu.

Alikuwapo shujaa wa kike, msomi wa liturujia, yaani elimu ya ibada na taratibu zake, ambaye waumini walimpachika jina Dada Sekunde. Miezi tisa alikuwa akiketi benchi la tatu, saa ya kupimia mkononi, akipima ule muda baada ya komunyo ambao wataalamu huuita ukimya mtakatifu: padre ameketi, kwaya imefunga vitabu, hakuna asemaye neno. Jumapili thelathini na nane, na zote, ole wake, zilivunjika! Mara simu ilie, mara mtoto adai maji, mara mzee wa benchi la nyuma akohoe kama anayewasha pikipiki. Profesa aliyesimamia tasnifu yake ya chuo kikuu, bwana wa kalamu nyekundu, akatoa hukumu:

"Binti yangu, nimekusoma, nikarudia. Hii si sura ya ukimya, hii ni sura ya kikohozi! Niletee ukimya mmoja usiovunjika, mmoja tu. Mwisho Jumatatu. Ukikosa, utafute mada nyingine uanze upya."

Ikabaki Jumapili moja. Sasa lisikieni kosa la shujaa, kwa kuwa hakuna shujaa asiye na lake. Ijumaa alimkuta padre mlangoni pa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akashindwa kujizuia.

"Shikamoo, Padre. Nimepiga hesabu. Ukimya wako, kwa wastani, ni sekunde kumi na moja."

"Marahaba... Kumi na moja?" Padre akashika ukuta. "Miaka ishirini madhabahuni, Mungu nampa sekunde kumi na moja? Jumapili njoo na saa yako, mwanangu. Utanitambua!"

Jamani! Msomi gani humwambia anayempima kwamba anampima? Ulimi uliponza kichwa, wahenga walishasema.

Jumapili padre akaingia na silaha zote. Chetezo kilichosahauliwa kabatini kikatolewa, kikasuguliwa, ubani ukafuka. Komunyo ikaisha, padre akaketi, akafumba macho. Dada Sekunde akabonyeza saa.

Kumi na moja zikapita. Thelathini. Simu kimya, watoto kimya, hata mzee wa nyuma katulia tuli. Furaha ikampanda shujaa mpaka akataka kucheka. Ndipo wingu la ubani likashuka madhabahuni, likaambaa ambaa, likafika benchi la tatu, likamwingia puani.

Lahaula! Chafya ikainuka kama jeshi lenye ngoma. Akaibana pua, adui akarudi nyuma, akajipanga upya. Akauma mdomo, akajikanyaga kidole gumba, akakaza kaakaa kwa ulimi. Dakika moja. Dakika mbili. Machozi yakamtiririka.

Shangazi yake, aliyeketi kando, akayaona machozi yale. Alikuwa amemwombea miezi yote tisa mtoto huyu wa kaka yake aache kuhesabu ibada aanze kusali, na leo, kwa macho yake, Roho ameshuka! Akafungua kinywa apige kigelegele.

Enyi wasikilizaji, tazameni njia panda ile! Mkono wa kulia una saa, wa kushoto unalinda pua. Akaiacha pua bila mlinzi, akamziba shangazi mdomo. Na moyoni, kwa mara ya kwanza katika miezi tisa, akasali kweli: "Ee Mungu, mwinue mtumishi wako, umeshamsikia, mwinue tu!"

Padre akasimama, akanyoosha mikono. "Tuombe."

Dada Sekunde akabonyeza saa, akaiachia chafya. Chafya ile ilitikisa mishumaa, ikarusha karatasi za kwaya. Na waumini, waliokuwa wamechoka kungoja sauti yoyote ya kuwakomboa, wakaitikia kwa pamoja:

"Amina!"

Padre akautazama ukurasa wa sala ambayo hajaisoma. Akawatazama watu wake. Akafunga kitabu taratibu, akawabariki.

Kesho yake profesa akasoma: dakika tatu na sekunde saba. Akainua miwani.

"Ulivunjwa na nani?"

"Haukuvunjwa, Profesa. Uliisha. Mimi nilikuja baadaye."

Profesa akaweka sahihi. Basi iandikwe, na wajukuu wasimuliwe, kwamba siku ile pua moja ilizingirwa na moshi, ikasalitiwa na ulinzi wake, na isitoe sauti mpaka iliporuhusiwa.