Mchezaji Mnene Mwenye Shati la Kaki

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu wa Bodo, watu wa Kinango, na mbele ya mkwe ambaye bado hajawa mkwe. Ninawaandikia nyinyi wenzangu wa Likoni upesi, kabla habari haijafika huko ikiwa imetiwa chumvi. (Ingawa hii haihitaji chumvi.)

Mnajua kwamba nimemposa Mwanakombo, binti wa mzee Sefu, na kwamba mzee ananizungusha mwezi wa tatu sasa. Juzi akaniambia, "Mwalimu, nasikia Jumamosi wewe ndiye refa hapa Msambweni. Nitakuja kutazama. Mtu asiyeona haki uwanjani hataiona nyumbani. Jibu lako nitakupa baada ya mchezo."

Nikafurahi! Macho ndiyo sifa yangu. Darasani namwona mtoto akitafuna embe bichi dawati la nyuma nami nimegeukia ubao. Nikajiambia, posa imekwisha, tafuteni mchele.

Mchezo wenyewe, mpira kati ya Bodo na Kinango, ulikuwa wa kusherehekea mwaka wetu wa pili wa Uhuru. Kombe hatuna. Mfanyabiashara mmoja wa Kinango akatoa ng'ombe dume awe zawadi, mshindi aende naye. Dume akafungwa kamba kwenye mnazi ulio nyuma ya goli moja, kila mtu amwone na kumtamani. Bodo walivaa fulana nyeupe. Kinango walivaa mashati ya kaki.

Kabla ya kuanza nikawaita manahodha wawili, nikawahutubia. (Laiti ningenyamaza.) "Jicho langu halibanduki kwenye mpira. Anayetaka kuotea na aotee kwao. Mimi hakinipiti kitu!" Mzee Sefu alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mstari, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkewe, Bi Rehema, alikuwa ubavuni mwake.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mwisho mwisho. Kila timu ina bao moja. Jua kali, vumbi, wachezaji ishirini na wawili wamechanganyika kama mchele na chuya. Sasa nyinyi hamjui kazi ya kuamua kuotea. Unatakiwa uone mguu unaopiga mpira huku, na mtu anayeusubiri kule, kwa wakati ule ule mmoja. Macho ni mawili lakini hayatazami pande mbili! Basi mimi nikawa na hesabu yangu: cheupe ni Bodo, cha kaki ni Kinango. Kila kinachopita nakitia fungu lake, basi.

Winga wa Kinango akapiga krosi. Nikauona mguu. Nikaiona safu nyeupe ya Bodo. Nikaona kitu cha kaki kikitokea nyuma, kipana, kinakwenda kwa haraka. Hakuotea! Mpira ukamgonga begani, ukaingia golini. Watu wakapiga kelele sijapata kuzisikia. Nami nikapuliza firimbi kwa nguvu zangu zote. Bao!

Nikatoa daftari, nikamwendea Mwero, nahodha wa Kinango. Alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Jina la mfungaji?"

"Mwalimu... yule hana jina."

"Hana jina vipi? Yule wenu mnene, aliyefunga kwa bega! Kijana mzuri sana yule, ana nguvu."

Mwero akatazama chini. "Yule hakufunga, mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa amefungwa. Kamba imekatika."

(Hapo mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikakasirika.)

"Kumbe mmechezesha mtu asiyeandikishwa! Nalifuta bao, na huyo mtu namtoa nje sasa hivi!"

Nahodha wa Bodo akaja, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Mtoe, mwalimu. Tafadhali mtoe. Sisi tumeshindwa."

Nikasikia pumzi ya moto shingoni. Nikageuka.

Wallahi nilitaka ardhi ipasuke. Dume yule yule! Rangi yake kaki iliyofuliwa sana. Kipande cha kamba kinaning'inia shingoni, naye anatafuna kibendera changu cha kona. Alikuwa amekatiza uwanja mzima kutoka kwenye mnazi wake, watoto wameona, vikongwe wameona, golikipa wa Bodo ameona akakimbia goli lake. Mimi peke yangu, niliyekuwa hatua kumi tu, niliona mchezaji!

"Kafunga makusudi!" golikipa akapiga kelele. "Hataki kuchinjwa Bodo, anataka kurudi kwao!"

Watu walilala chini kwa kucheka. Nikafuta bao, nikamaliza mchezo sare. Kisha nikajikokota kwa mzee Sefu. Yeye hakuwa anacheka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwalimu, u kipofu?"

"Si kipofu, baba. Nilimwona. Ila jicho lilikuwa linatenganisha nyeupe na kaki, na yeye... alikuwa kaki."

Mzee akamtazama Bi Rehema, aliyekuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Akashusha pumzi.

"Mke wangu ananilalamikia miaka thelathini sasa kwamba mimi naona kila kitu. Sukari ikipungua naona. Sahani ikivunjika naona. Jirani akiazima kinu naona. Dume alipofunga tu kanishika mkono, kaniambia, 'Sefu, mpe huyu. Mtu ambaye hakumwona ng'ombe mzima, mwanangu ataishi naye kwa raha.'"

"Na Mwanakombo, baba?"

"Tumemtuma mtoto mbio hapo nyumbani kumuuliza, naye amesharudi. Kakubali kabla hadithi haijafika mwisho."

Nikashukuru, nikambusu mkono, nikaenda zangu. Ninaandika haya nikiwa kitandani, nimejifunika shuka gubigubi. Jamani, msinicheke bado. Ngojeni kwanza nijue kama nimeozwa au nimetukanwa.