Likelemba ya Tableti Kumi na Tano

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Siku mbaya.

Mambo yalianza vizuri, nakubali. Tableti zimefika! Kumi na tano, ziko ndani ya kabati la ofisi. Komite ya wazazi ilizinunua Jumamosi kule sokoni Birere, na walimu wawili tulitumwa kusaidia kuchagua: mimi na Wivine wa mwaka wa tatu. Wivine alimuuliza muuzaji tableti inakaa saa ngapi bila courant, yaani bila umeme. Swali la kuchosha. Mimi niliuliza kama kuna zenye kifuniko chekundu. Zilikuwepo, tena kubwa, zinaonekana tangu mlangoni. Wazazi walizipenda, tukachukua nyekundu.

Leo katika mkutano Mama Ernestine, directrice wetu, mkuu wa shule, akasema mambo mawili. La kwanza: mkaguzi anakuja Ijumaa tarehe 14, anataka kuona watoto wakisoma kwa tableti. La pili: tawi letu la Kibati linahitaji mwalimu wa mwaka wa tano kuanzia Januari. Walimu wa mwaka wa tano ni wawili tu. Mimi ninafundisha A, Cyprien anafundisha B. Mmoja wetu ataenda, na ripoti ya mkaguzi ndiyo itakayoamua.

Kibati! Kila asubuhi juu ya moto, hizi pikipiki za abiria, vumbi mpaka kwenye meno! Mimi nakaa Katindo, dakika saba kwa mguu kutoka shuleni. Saa sita narudi nyumbani kula chakula cha Clarisse, mke wangu, kikiwa bado cha moto. Siendi Kibati. Nilimtazama Cyprien. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake kwa utulivu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Hasira ilinipanda.

Kisha likaja swali la kugawana: tableti kumi na tano, madarasa sita. Cyprien alipendekeza zizunguke kila saa ndani ya kikapu, kwa kufuata horaire ya vipindi. Nikasimama. Nikasema sisi wote humu tunacheza likelemba: tunachanga pesa, kila mmoja anakula kwa zamu yake na hakuna anayelia. Kwa nini tusifanye hivyo na tableti? Kuanzia kesho, darasa moja linakula zote kumi na tano siku mbili za masomo, halafu linapitisha. Makofi! Nikafanywa président palepale, nikaandika sheria. Nikaweka na ile ambayo haikosi katika likelemba yoyote: mwenye msiba au furaha kubwa nyumbani kwake anapita mbele. Watu wakasema nina moyo.

Kila mmoja alitaka zamu ya kwanza. Mimi nikasema kwa sauti ya chini kwamba nitachukua ya tano. Igihozo wa mwaka wa kwanza, ambaye ni mgeni na alisukumiwa ya sita, alinitazama kwa huruma. Hakuna aliyehesabu siku. Mimi nilizihesabu mara nne. Zamu ya tano inaanza Ijumaa tarehe 14!

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Cyprien ndiye aliyekula wa kwanza. Leo nimepita mbele ya dirisha lake mara nne, kila mara nikijifanya natafuta chaki.

Ana watoto arobaini na watano kama mimi. Amewaweka watatu watatu, kila kundi na capita wake, kiongozi wa kushika tableti. Cyprien akipiga makofi, tableti inahamia mikononi mwa mwingine. Hakuna kelele. Hakuna anayelia. Inaudhi sana.

Mara ya nne alitoka na kunipa chaki. Alisema kama nataka, atanionyesha namna ya kupanga makundi. Akaniambia pia nifundishe nazo asubuhi kuanzia saa mbili, kwa sababu betri za hizo nyekundu hazifiki saa sita mchana. Nilimjibu kwamba nina mbinu zangu. Sina mbinu yoyote, lakini hakuna haja ya yeye kujua. Mkaguzi akija, Cyprien atakuwa na ubao na chaki tu.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Balaa! Igihozo amefiwa na shangazi yake kule Rutshuru. Nilimpa pole kwa moyo wote. Kisha akasema wiki ijayo mwishoni atakuwa kwenye kilio, kwa hiyo anaomba tableti Jumatatu na Jumanne. Ni sheria, akasema. Sheria ya président.

Wote walinigeukia. Ningefanya nini? Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwema.

Nimekuja kuhesabu hapa mezani. Igihozo Jumatatu na Jumanne. Wivine Jumatano na Alhamisi. Éphraïm wa mwaka wa nne atazichukua Ijumaa, siku ya mkaguzi. Mimi nimeangukia Jumanne tarehe 18! Nimehesabu upya nikianzia nyuma. Jumanne ileile.

Clarisse ameniuliza kwa nini sili. Nimesema ni meno.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Kabla ya misa nilimwendea Éphraïm nyumbani kwake, nikamwomba tubadilishane. Alikataa. Ameshawaambia wazazi wa watoto wake, na mama mmoja tayari amemshonea mtoto wake shati jipya kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwambia mimi ni président. Akacheka, akanipa chai.

Kanisani sikusikia mahubiri hata neno moja. Niliwaza sheria yangu. Msiba siwezi kuusema. Kumuua mtu kwa mdomo kunaniogopesha, na mama yangu ana presha. Basi furaha. Furaha gani? Ndoa, kila mtu angeiona. Mtoto? Clarisse anapita mbele ya shule kila siku, na tumbo lake wanalijua.

Wakati wa sadaka nikapata jibu. Ng'ombe!

Sisi ni watu wa Masisi, nchi ya ng'ombe. Walimu wenzangu nusu ni wa huko, na Mama Directrice mwenyewe baba yake alikuwa mfugaji. Ng'ombe wa mtu akizaa, nani atasema hiyo si furaha kubwa? Hakuna anayeweza kunicheka. Kilichobaki ni siku ya kuzaa. Akizaa mapema, nitapewa tableti Jumatano na zitaniponyoka kabla ya Ijumaa. Hapana. Wivine aanze kwanza zamu yake. Ng'ombe wangu atazaa Jumatano, saa nne asubuhi.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Amezaa! Nilipokea simu ya uongo katikati ya uwanja, wakati wa récréation, mapumziko ya asubuhi, nikapiga kelele ya furaha ambayo hata mimi ilinishangaza.

Walikuja wote. Éphraïm ndiye aliyenikumbatia wa kwanza, akasema zamu ya Ijumaa ni yangu, asingeweza kumnyima mtu aliyepata ndama. Nilipomfikiria yule mtoto wa shati jipya nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Cyprien alinipa mkono na kuuliza ndama ni dume au jike. Sikuwa nimelifikiria. Nilisema simu ilikatika.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Sikulala vizuri. Mama Directrice aliniita ofisini, nikadhani ameshagundua.

Kumbe alitaka kusikia habari. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaanza. Ng'ombe anaitwa nani? Nikasema Gaju. Ana pembe za namna gani? Ndefu. Anakamwa na nani? Na binamu yangu. Kisha akauliza: "Na iko kwa kilima ya nani, mwalimu Viateur?"

Ningesema Masisi, kumbe Masisi anajua kila kilima na mwenye kilima! Nilihitaji mahali pasipo na ndugu zake, tena haraka. Jina moja tu lilikuwa kichwani mwangu, kwa sababu halijatoka humo tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nikasema Kibati.

Akasema kumbe. Akasema maziwa ya siku za kwanza ni ya ndama, lakini yeye na walimu watakuja kunywa ya kwao Jumamosi ya wiki ijayo. Aliandika kitu kwenye karatasi. Sikuweza kusoma.

Clarisse alipata pongezi sokoni kutoka kwa watu watatu. Amerudi nyumbani, akaweka kikapu chini, akaniambia taratibu kwamba hata kuku hatuna.

Mchana Wivine alinikabidhi tableti. Cyprien akanishauri nizipeleke kwenye nyumba ya kuchajisha simu pale kona, kwa kuwa courant ya shule si ya kuaminika. Nilijua huo ni mtego. Nimezichomeka shuleni.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Nitaandika yote.

Nilifika saa moja. Courant ilikuwa imekatika, haijulikani tangu saa ngapi. Hata hivyo tableti zilikuwa na nusu ya betri. Inatosha, nikajisemea. Saa mbili nikaziwasha zote, mwanga mpaka mwisho, ili mkaguzi akifungua mlango apigwe na uzuri. Niliwaambia watoto wasiziguse.

Saa tatu mkaguzi hajafika. Saa tatu na nusu akaingia kwa Cyprien. Kwa Cyprien! Nilisikia watoto wa B wakijibu kwa pamoja, wakicheka, na mkaguzi akicheka nao. Kwa chaki na ubao! Saa nne, hata récréation imefutwa, bado yumo.

Saa nne na dakika tano tableti ya kwanza ikazima. Kisha nyingine. Nilikuwa nakimbia kati ya madawati nikipunguza mwanga, nyuma yangu zinazima tatu, mbele mbili. Zilibaki sita. Watoto arobaini na watano, tableti sita!

Ndipo nikaona ardoise zao. Kila mtoto ana ardoise yake, kibao cheusi cha kuandikia hesabu, na tableti iliyozima nayo ni nyeusi. Kutoka mlangoni ni kitu kimoja! Nilizivua zote vifuniko vyekundu, nikaweka zile sita safu ya mbele, zilizozima safu ya pili na ya tatu, na wengine wote nikawaamuru washike ardoise na kupitisha kidole juu yake. Taratibu. Kwa akili. Bila kucheka.

Mkaguzi akaingia na Mama Directrice. Ni muzee mrefu mwenye koti. Alisimama mlangoni, akaona watoto arobaini na watano wakipitisha vidole, akasema vizuri sana. Nilianza kupumua. Badala ya kuondoka, akatembea mpaka dawati la mwisho kabisa na kuinama karibu na mwanafunzi wangu Aksanti.

Aksanti hajui kunyamaza. Alikuwa amechukua chaki na kuchora juu ya ardoise yake tableti nzima: vitufe, saa, picha ya volkano, na betri imejaa. Mkaguzi akamuuliza anasoma nini. Aksanti akamjibu: "Za kweli ziko kule mbele, Monsieur. Huku tuko na ardoise. Lakini ile yangu haizimikake."

Mkaguzi alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufuta macho. Akamwomba Aksanti amfundishe, na Aksanti akamfundisha kila kitufe na kazi yake. Wengine wakaanza kuchora za kwao. Mkaguzi akaandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika tena. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Sijui aliandika nini. Mpaka Jumatatu sitajua! Ninaogopa sana.

Jumatatu, tarehe 17 Novemba

Mama Directrice alituita wawili, mimi na Cyprien, akasoma ripoti kwa sauti.

Cyprien amepata « très bon », alama ya juu kabisa. Nikafumba macho. Mimi pia nimepata « très bon »! Nilitaka kuruka. Mkaguzi ameandika kwamba mwalimu wa A amebuni njia ya kuwazoeza watoto tableti kwa kutumia ardoise, njia ya bei ndogo isiyohitaji courant. Nilijaribu kuonekana kama mtu aliyeibuni.

Kisha akasoma mstari wa mwisho. Njia hiyo ingefaa hasa shule ambayo haina courant wala tableti.

Akavua miwani. Alisema wiki mbili amekuwa na mzigo moyoni, hakujua atamwumiza nani kati yetu. Sasa ameona njia. Kibati hakuna courant wala tableti, na mwalimu anayejua kufundisha bila hivyo vyote ameonekana. Tena ng'ombe wake yuko hukohuko! Akasema: "Mungu njo amepanga, mwalimu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. Na kwa ajili ya ndama, hataningojesha mpaka Januari. Naanza Jumatatu ijayo.

Ningesema kwamba hakuna Gaju? Nikasema asante.

Nje, Cyprien alinipa mkono wake na kunipa koti lake la mvua, kwa ajili ya safari za pikipiki. Koti zuri, na linanitosha. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimelivaa juani, na nililia kidogo kabla ya kufika.

Jumanne, tarehe 18 Novemba

Nimefikiri vizuri. Kosa langu lote lilikuwa dogo: nilimweka ng'ombe mahali pabaya. Ng'ombe anaweza kuhamishwa!

Kesho nitamwambia Mama Directrice kwamba ndama anahara, na daktari wa wanyama amesema lazima yeye na mama yake waletwe mjini, karibu na dawa. Nitasema tayari wako hapa Katindo, nyuma ya nyumba yangu. Mwenye mifugo mgonjwa nyumbani hawezi kupelekwa Kibati, hilo hata mkaguzi atalielewa. Nimepima uwanja wetu kwa hatua. Ni hatua nne kwa tatu, ukiondoa mabeseni ya Clarisse.

Clarisse ameuliza watu wakija kunywa maziwa Jumamosi watakunywa nini. Nimemwambia asiniharakishe. Hilo nitalifikiria Ijumaa.