Wiki Mbili Bila Kugusa Fimbo

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Kocha Okemwa amenipokonya fimbo. Mbele ya watu! Amekusanya fimbo za timu nzima ya pool, akazitia kwenye gunia la mahindi, akalifunga kwa kamba na kwenda kulilaza chini ya kitanda chake. Ati tumechoka. Ati ligi inarudi Januari na yeye anataka mikono iliyopumzika. Mikono haipumziki. Mikono hufanya mazoezi.

Najua haya yote ni juu yangu. Jumamosi kule Homa Bay, kwenye fainali, nilibaki na mpira mweusi wa ushindi peke yake, umekaa mdomoni mwa shimo. Hata nyanya yangu angeuingiza. Mkono ukatetemeka, mpira ukagonga ukingo na kurudi katikati ya meza. Kombe likabaki kwa wenyeji. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikatoka nikasema nimekula maharagwe mabaya. Kocha anasema mtetemo ule ni uchovu wa kucheza miezi kumi bila siku hata moja ya kupumzika. Mimi nasema ni uhaba wa mazoezi.

Sheria yenyewe: wiki mbili bila kugusa fimbo. Jumapili tarehe 14, mimi na Gisiri, namba mbili wa timu, tutapimana, wa kwanza kushinda michezo mitano. Mshindi ndiye namba moja wa timu msimu ujao, yule anayefungua kila mechi. Atakayegusa fimbo kabla ya siku hiyo atakaa benchi mechi tatu, na ushindi wake hautahesabiwa. Namba moja nimekuwa mimi kwa miaka minne. Sina kitu kingine cha kujivunia. Nauza viatu vya mitumba soko la Migori, na huko hata sijulikani.

Gisiri amesema atapumzika akichunga kuku wa mama yake. Anafikiri mimi ni mtoto!

Jumanne, 2 Desemba

Niko Kendu Bay kwa dada yangu Nyasuguta. Kocha alimpigia simu mwenyewe. Kwa watu ambao hawajawahi kuonana, walielewana haraka sana.

Dada ni Msabato wa kweli, mtunza mavazi wa kwaya. Mumewe, shemeji Omanga, ni mwalimu mstaafu. Saa tatu za usiku nyumba nzima imelala. Hapa hakuna televisheni, kuna redio, nayo inajua stesheni moja tu ya nyimbo za injili.

Lakini sikuja mikono mitupu. Ndani ya soksi nimebeba kipande cha chaki, ile ya bluu tunayopaka kwenye ncha ya fimbo. Kocha alikataza fimbo. Chaki hakuitaja.

Dada alipoenda sokoni nilipanga ndimu saba kwenye meza ya chakula, nikapaka mpini wa mwiko chaki, nikainama. Ndimu ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu ikatumbukia kwenye chai ya shemeji, ambaye sikujua amerudi na kuketi. Shemeji aliitoa kwa kijiko, akanywa chai yake, akaniuliza kama nyumbani kwetu tulilelewa pamoja na Nyasuguta au kila mtu kivyake.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimepata meza! Meza halisi ya pool, kitambaa cha kijani, mashimo sita, nyuma ya hoteli ya Ahmednur karibu na soko. Jana nilikuwa nimetumwa sukari. Nilisikia mipira ikigongana nikasimama barabarani moyo ukinienda mbio. Nilikaribia kulia tena, na safari hii si kwa uchungu.

Tatizo ni sheria ya kocha. Nimeifikiria usiku kucha na nimeishinda. Alisema tusiguse fimbo. Basi sitagusa! Leo nimeenda na jozi ya soksi nene za shemeji, nikazivaa mikononi hadi viwiko. Fimbo itaguswa na soksi. Mimi nitakuwa nimegusa soksi.

Ahmednur ni mtu mpole mwenye duka upande mmoja na hoteli upande wa pili. Alinitazama, akatazama soksi, akaniuliza kama nimeungua. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa, cheza.

Nilipiga shuti moja. Moja tu! Fimbo iliteleza kwenye sufi kama samaki, ikaniponyoka kwa nyuma na kupasua chupa ya chai iliyokuwa imejaa. Wateja wawili waliruka juu ya viti. Ahmednur hakufoka. Alinivua soksi taratibu, moja baada ya nyingine, akaninyooshea mlango na kusema, “Bwana, wewe kapumzike.”

Huyo naye ameongea na kocha?

Ijumaa, 5 Desemba

Siku mbaya. Mbaya sana.

Dada huwa anakagua mifuko na soksi zote kabla ya kufua. Kwa hiyo asubuhi na mapema niliihamisha chaki, nikaificha mahali ambapo hakuna mtu duniani angetafuta chaki: kwenye kikopo cha sabuni. Nikajipongeza nikarudi kulala.

Ijumaa kwa Wasabato ni siku ya matayarisho. Kupika, kufua, kupiga pasi, vyote viishe kabla jua halijazama, maana likizama Sabato imeingia na kazi zote husimama. Dada alikuwa na majoho kumi na manane ya kwaya, meupe pepepe, ya kuimba kesho mbele ya wageni kutoka Homa Bay. Akayafua. Alipofika maji ya mwisho akatafuta bluu, ile tunayotia kwenye maji ili nguo nyeupe zing'are. Akaingiza mkono kwenye kikopo. Akapata kipande kidogo cha mraba, rangi ya bluu.

Akakisaga vizuri kwa mkono, akakitia chote.

Nilipoamka majoho kumi na manane yalikuwa kwenye kamba yakiwa na madoa ya bluu. Mengine mgongoni, mengine kifuani, moja lilikuwa na doa lenye umbo la Kisiwa cha Mfangano. Dada alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Ningesema ukweli, lakini ukweli ungefika Migori kabla ya jioni. Nikasema bluu za siku hizi ni feki, wauzaji wameharibika.

Kumbe dada hununua bluu kwa Ahmednur! Akanishika mkono, akabeba mabaki yaliyosalia chini ya beseni, tukaenda. Tulimkuta ndiyo kwanza anatoka msikitini, anafungua duka. Ahmednur akaweka yale mabaki kwenye kiganja, akayasugua, akayanusa. Kisha akanitazama mimi. Akamwambia dada kwa adabu kwamba bluu hii si ya dukani, hii ni ya kule nyuma. Akanyoosha kidole kwenye meza ya pool.

Dada hakunipigia kelele. Heri angenipigia kelele. Alitembea mbele yangu hadi nyumbani, na jua lilikuwa limeshainama, hakuna muda wa kufua tena.

Jumamosi, 6 Desemba

Kwaya imeimba na madoa yake. Kiongozi wao, mama Priscilla, aliwaambia wageni kwamba waimbaji ni wenye dhambi na nguo zao zimeamua kusema ukweli. Kanisa likacheka, dada akacheka kidogo, nami nikapumua.

Baada ya ibada hukumu ikasomwa. Kuanzia kesho nitayafua yote kumi na manane kwa mkono, mpaka yatakate. Na kwa vile sauti ya nne, ile ya besi, ina mtu mmoja mgonjwa, nitaimba. Nilijaribu kueleza kwamba mimi ni mwanamichezo. Mama Priscilla akasema vizuri, wanamichezo wana mapafu.

Jumanne, 9 Desemba

Siku tatu za ndimu, sabuni na jua. Nimefua, nimesuuza, nimekamua. Jioni tunakula samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali, tunafanya mazoezi ya kuimba, nalala saa tatu kama kuku. Sijaota mpira mweusi tangu Jumapili.

Dada amenisamehe. Alikuja kuketi karibu yangu kwenye kamba ya nguo, akaniambia alipigiwa simu na kocha kwa sababu kocha aliogopa. Ati siku ile ya Homa Bay nilipotoka chooni uso wangu ulimtisha. Sikujua kama kuna mtu aliuona. Nikaendelea kukamua joho.

Kitu cha ajabu: leo nimeshika kikombe cha chai kilichojaa pomoni na hakikumwagika hata tone. Ni wazi kabisa ni shuti lile la Alhamisi linafanya kazi mwilini.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimemnasa Gisiri! Ameweka picha kwenye status ya simu yake, amelala juu ya mkeka kwao Isebania, kuku wamemzunguka, tabasamu hadi masikioni. Nikaikuza ile picha. Nyuma yake, ukutani, kitu kirefu, chembamba, cha mbao. Fimbo!

Nikamwandikia kocha ujumbe, bila jina, kwa Kiingereza kigumu ili asinitambue. Nikatia sahihi: Raia Mwema wa Isebania. Kocha akajibu baada ya dakika mbili: “Huo ni mpini wa jembe, Nyabuto. Na hii ni namba yako. Lala.”

Nililala. Nilikuwa na usingizi hata hivyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Majoho yametakata. Yanang'aa kuliko yalivyokuwa, dada mwenyewe amekiri. Nimeimba sauti ya nne, mistari mitatu ya pambio peke yangu, sikutetemeka. Mama mmoja alifuta machozi. Shemeji Omanga alinipa mkono akasema nikirudi Kendu Bay wakati wowote ndimu zipo.

Kesho ni kesho. Naogopa. Nikishindwa kesho nitabaki muuza viatu tu.

Jumapili, 14 Desemba

Migori. Ukumbi umejaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Gisiri ameingia amenona, ngozi inang'aa, anaamkia kila mtu. Kocha akafungua gunia, akanipa fimbo yangu. Niliishika kama mtu anayesalimiana na ndugu aliyetoka mbali.

Mkono haukutetemeka! Hata kidogo! Mchezo wa kwanza nilimaliza meza bila Gisiri kuinuka kitini. Alipambana, hilo siwezi kumnyima, akapata miwili. Kwenye mchezo wa saba nilibaki na mweusi peke yake, umbali wa meza nzima, pembe mbaya kuliko ya ule wa Homa Bay. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, nikapiga. Uliingia katikati ya shimo bila kugusa ukingo. Tano kwa mbili!

Gisiri alinikumbatia, akasema hajawahi kuona nikicheza vile. Alisema kweli, na nilimpenda kwa dakika kama mbili.

Kisha kocha akapanda juu ya kiti. Akaushika mkono wangu na kuuinua, akawaambia watu watazame. Huu ndio mkono uliopumzika, akasema. Akasema anaona fahari, kwa maana alijua kwangu mimi kupumzika ni kazi ngumu kuliko kucheza, na nimeifanya. Macho yake yalikuwa na maji. Watu wakapiga makofi.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Mtu anashinda kwa akili zake, halafu sifa wanapewa usingizi! Nikapanda kiti cha pili. Nikawaeleza watu wote siri ya ushindi wangu: meza ya Kendu Bay, zile soksi, jinsi nilivyofanya mazoezi kisirisiri kocha akidhani nimelala. Nilitarajia makofi zaidi.

Kocha aliuachilia mkono wangu. Akashuka kwenye kiti polepole. Akasema sheria ni sheria, nitakaa benchi mechi tatu, na namba moja wa msimu ni Gisiri. Alikuwa na huzuni kuliko mimi. Gisiri akajaribu kunitetea, ati soksi si mkono. Kocha akamwambia anyamaze.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepoteza nafasi yangu ya miaka minne. Inauma. Sijafungua kibanda cha viatu leo.

Dada amepiga simu kuuliza matokeo. Nikamwambia nilishinda na nikaangushwa na wivu. Akasema walikuwa wakiniombea nipumzike, na kwamba alipoona nimelala siku zile alijua maombi yamejibiwa. Nikamwambia namshukuru, maombi ni mazuri, lakini tusidanganyane, kilichoutuliza mkono wangu ni mazoezi.

Kisha akaniuliza, “Kwani huko kwa Ahmednur ulipiga mara ngapi?”

Nikamwambia ukweli. Mara moja.

Hebu fikiria ningepiga mbili!